Mwenye Mkate Yuko Wapi?



Huenda ukastaajabu kuona katika kurasa hizi habari za mchezo wa kuimba wa Kizungu, ukasema: huyu naye leo kapotelea wapi? Ngoja kwanza. Kusudi langu si kukusifia majumba ya michezo ya London, wala si kutoa fatwa juu ya muziki, kwani jambo hilo lina wenyewe, na kauli za wanavyuoni juu yake zinajulikana. Kusudi langu ni hikaya iliyomo ndani ya mchezo huo, ambayo watoto wetu wanaijua kuliko tunavyodhani. Wameiona katika filamu iliyotolewa mwaka 2012, na wengine wanaziimba nyimbo zake wala hawajui zimetoka wapi. Na kitu kikishaingia nyumbani mwako, hakuna faida kujifanya hukioni. Lililo bora ni kukitazama vyema, ukajua kipi cha kuchukua na kipi cha kuacha.

Nilikuwa London kumzuru mtoto wa dada yangu, ambaye kazi yake iko huko. Kijana huyu ana mapenzi ya vitabu tangu utoto wake. Siku moja akaniambia, "Mjomba, leo usiku nataka kukuchukua mahali. Ukichukia, niambie tutoke." Tulikwisha kusali Isha, kwani siku za baridi jua la huko huzama mapema, tukaondoka. Akanipeleka mtaa wa Shaftesbury Avenue, katika jumba liitwalo Sondheim Theatre, ambalo kabla ya mwaka 2019 likiitwa Queen's Theatre. Na mchezo wenyewe jina lake ni Les Misérables.

Jina hilo ni la kitabu cha Mfaransa Victor Hugo, kilichotoka mwaka 1862. Neno lenyewe katika Kifaransa hubeba maana mbili: fukara aliyezidiwa na dhiki, na mtu duni aliyeharibika tabia. Kitabu kizima, ambacho ni kikubwa kupita kiasi, kinauliza jambo moja: vipi yule wa kwanza hugeuzwa na watu akawa yule wa pili? Hugo alikimaliza akiwa uhamishoni, kwa kuwa alimpinga Louis Napoleon alipojitwalia utawala wa Ufaransa kwa nguvu mwaka 1851.

Na mtu huyu si mgeni kwetu kama unavyofikiri. Mwaka 1859 alitoa diwani ya mashairi, na ndani yake mna shairi refu juu ya siku za mwisho za Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambalo amelitunga kwa heshima na adabu, ijapokuwa mwaka kaukosea, kwani aliuita mwaka wa tisa wa Hijra hali ya kuwa Mtume alitawafu mwaka wa kumi na moja. Sisemi kwamba alisilimu. Hayo ni maneno ya kupitishwa mdomoni bila ya ushahidi. Nasema tu kwamba mtu aliyekulia na Utenzi wa Kutawafu Nabii hatakosa kumsikiliza Mfaransa aliyesimama mlango ule ule akavua kofia. Kadhalika kitabu chake hiki cha mafukara kilifasiriwa kwa Kiarabu mwaka 1903 kwa jina la Al-Bu'asaa, na aliyekifasiri si mtu mdogo: ni Hafiz Ibrahim, yule aliyeitwa Mshairi wa Nile, mmoja katika watu waliokuwa karibu na Sheikh Muhammad Abduh. Basi hikaya hii imo katika nyumba za Waislamu kwa miaka zaidi ya mia moja.

Sasa nikupe hikaya kwa ufupi. Jean Valjean alikuwa mkata matawi ya miti katika kijiji cha Faverolles. Dada yake alifiwa na mume akaachwa na watoto saba, na Valjean ndiye aliyewalisha. Ukaja msimu wa baridi wa mwaka 1795, kazi hakuna, chakula hakuna. Usiku mmoja akavunja kioo cha duka la mikate, akaingiza mkono akachukua mkate mmoja. Akahukumiwa miaka mitano. Akajaribu kutoroka, akaongezewa. Akajaribu tena, akaongezewa tena. Hata akatimiza miaka 19. Alitoka mwaka 1815, moyo wake umekuwa jiwe, na mkononi ana cheti cha manjano kinachomwambia kila mtu kuwa huyu ni mfungwa wa zamani. Nyumba zote za wageni zikamfukuza. Askofu mmoja mzee wa mji wa Digne ndiye aliyemkaribisha, akamlisha, akamlaza. Usiku Valjean akaamka, akaiba vyombo vya fedha vya askofu akakimbia. Asubuhi askari wakamrudisha wamemkamata. Askofu akawaambia kuwa vyombo vile alimpa mwenyewe, kisha akamgeukia Valjean akamwambia mbona kavisahau vinara viwili vya fedha, akampa na hivyo pia. Kuanzia hapo mtu yule akabadilika.

Ama mchezo, ulianza Paris mwaka 1980, muziki wake ukitungwa na Claude-Michel Schönberg na maneno na Alain Boublil. Ukafasiriwa kwa Kiingereza na kuchezwa London mwezi wa Oktoba 1985, na mwaka 2025 ulitimiza miaka 40 katika mji huo. Karibu maneno yote huimbwa. Hapana anayesema kwa maneno matupu, hata anapoomba maji au anapogombana na mwenziwe. Wageni wengine huliona jambo hili ni la kuchekesha. Sisi watu wa pwani halitushangazi. Katika Utendi wa Tambuka wafalme na masahaba husemezana kwa beiti, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuuliza kwa nini Herekali hakusema kama watu wa sokoni. Jambo zito likiimbwa huingia moyoni kwa mlango mwengine.

Na haki lazima niseme: mchezo umefanywa kwa ufundi mkubwa. Sauti ni nzuri, kila mchezaji anajua anachokiimba, na mapazia ya nyuma yana picha za giza na mawingu zilizochukuliwa mfano wa michoro ya Hugo mwenyewe, kwani naye alikuwa mchoraji. Ilipofika pale askofu anapotoa vinara, ukumbi wote ulinyamaza kimya. Nami, mtu mzima mwenye mvi, nililia. Kijana wangu aliniona, akageuza uso ili anisitiri. Kwa hiyo haya nitakayoyasema sasa, usidhani yametoka kwa mtu aliyekuja na kinyongo.

Kosa la kwanza ni kicheko.

Katika hikaya yumo mwanamke jina lake Fantine, aliyeachwa na mwanamume akiwa na mtoto mdogo. Ili apate kazi, alimwacha mtoto wake Cosette kwa mke na mume wenye nyumba ya wageni, watu wa jina la Thénardier, akawa anawapelekea fedha za malezi kila mwezi. Katika kitabu Hugo anakuhesabia kila senti. Walianza kwa faranga saba kwa mwezi, wakapandisha kumi na mbili, wakapandisha kumi na tano, na mtoto anatetemeka kwa baridi. Waliandika kuwa mtoto hana sketi ya sufi. Mama akauza nywele zake faranga kumi, akanunua sketi, na sketi wakamvisha binti yao. Waliandika tena kuwa mtoto mgonjwa, zatakiwa faranga arubaini. Na mtoto hakuwa na ugonjwa wowote. Mama akang'olewa meno mawili ya mbele, akayauza.

Katika mchezo watu hawa wawili wamefanywa vichekesho. Wameingizwa kwa wimbo wa kuchezea miguu, wanachanganya pombe na maji, wanaiba mifukoni mwa wageni, na ukumbi unapiga makofi na kuangua vicheko. Nami nilicheka. Kisha nikajiuliza ninacheka nini. Mtoto mkiwa, ambaye mama yake anauza meno ili ale, na wanaokula kile chake, hao ndio tunaowashangilia? Sisi tumesomeshwa tangu chuoni khabari ya anayekula mali ya yatima kwa dhulma, na kile anachokitia tumboni mwake ni nini. Hugo hakuwa Mwislamu, walakini katika kitabu chake hakukupa nafasi hata moja ya kucheka pale.

Na kuna jambo zaidi ambalo mchezo umelificha. Mwisho wa hikaya, mwezi wa Juni 1832, vijana wa Paris wanapigana na serikali nyuma ya boma la meza na magari, na mtoto wa mitaani, jina lake Gavroche, anauawa akiokota risasi. Ukumbi ulilia kwa ajili yake. Lakini mchezo haumwambii mtazamaji kile kitabu kinachomwambia: Gavroche ni mtoto wa wale wale Thénardier. Ni mtoto wao wa kumzaa, waliomwacha barabarani kwa kuwa hawakumtaka. Lau ukumbi ungalijua, machozi ya mwisho yangalifuta kicheko cha mwanzo. Mchezo umewapa watu vyote viwili, kicheko na kilio, na ukavitenga ili kimoja kisikihukumu chenziwe. Wazazi wanaosoma maneno haya wataniona ninalokusudia.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nauliza: mwenye mkate yuko wapi?

Mchezo huanza jela. Mkate ule hutajwa kwa wimbo tu, na mwokaji haonekani kabisa. Badala yake tunapewa inspekta mmoja, jina lake Javert, anayemwandama Valjean miaka na miaka, naye ndiye anayebeba lawama yote. Mtazamaji hutoka akisema: ama yule askari, hana moyo! Lakini Javert hakuwa na mkate, hakunyima mkate, wala hakuibiwa mkate. Ni mtu aliyezaliwa ndani ya jela, akashika sheria kama anayezama ashikavyo ubao, akawa anaandama alichoamrishwa kukiandama. Nani aliyemleta Valjean mbele ya sheria? Katika kitabu yumo, na jina lake Hugo kalitaja: Maubert Isabeau, mwokaji wa Faverolles. Anapita katika mistari michache tu. Alikuwa akijitayarisha kulala, akasikia kioo kikivunjika, akatoka mbio akamkamata mwizi. Mkono wa mwizi ulikuwa unatoka damu. Basi, habari yake imekwisha.

Hakufanya kosa lolote. Mali ilikuwa yake, kioo chake, haki yake. Na hapo ndipo penye mtihani, kwani sisi tuliokaa katika viti vile vya mahameli, tuliolipa tiketi na kuvaa makoti mazito, hatukuwa Valjean hata mmoja wetu. Sisi ndio Isabeau. Sisi ndio wenye mikate. Mchezo ukatufanyia ihsani ya kutuondoa jukwaani, ili tukae gizani tumlilie mwizi na tumchukie askari, na sisi wenyewe tusiulizwe kitu.

Dini yetu haikumwachia mwenye mkate ajifiche namna hiyo. Imam Malik katika Muwatta amepokea kisa cha watumwa wa Hatib walioiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Walipoletwa kwa Sayyidna Umar (R.A.) na wakahukumiwa, alitazama akaona jambo jengine: watumwa wale walikuwa wakishindishwa na njaa na bwana wao. Akamgeukia Hatib. Akamwuliza Mmuzayna bei ya ngamia wake, akaambiwa ni dirhamu mia nne. Akamwamuru Hatib alipe mia nane. Mafaqihi wana maneno yao juu ya kule kuzidisha thamani, na hapa si mahali pake. Ninachotaka ukione ni kule kugeuka kwa Umar. Wote walikuwa wanamtazama mwizi, yeye akamtazama mwenye watumwa.

Na kisa chengine ni cha Safwan bin Umayya. Alilala msikitini na nguo yake kaifanya mto, mwizi akaivuta, Safwan akamkamata akampeleka mbele ya Mtume (S.A.W.). Hukumu ilipotolewa, Safwan akashtuka, akasema hakutaka yafike huko, nguo amempa sadaka. Mtume akamwuliza: mbona hukufanya hivyo kabla ya kumleta kwangu? Zingatia, ndugu yangu. Kuna wakati jambo bado limo mkononi mwako, na kuna wakati limekwisha kukutoka. Rehema ina saa yake.

Sasa rudi kwa yule askofu. Katika mchezo, rehema yake inatokea ghafula, kama muujiza: askari wamefika, mzee anatabasamu, anatoa vinara. Inapendeza kuitazama. Lakini katika kitabu jambo halikuwa la ghafula. Kabla ya askari kufika, yule mtumishi wa kike wa askofu alipopiga kelele kuwa vyombo vimeibiwa, mzee alifikiri kidogo akamwuliza kama vyombo vile kweli vilikuwa vyao. Akasema kwamba yeye amevizuia kwa makosa siku nyingi, kwani vilikuwa haki ya mafukara, na aliyevichukua ni fukara. Punde akakaa kula kifungua kinywa chake. Ndipo mlango ukabishwa. Askofu alikwisha kusamehe kabla askari hajapanda ngazi. Na tena hata hiyo haikuwa mara ya kwanza: Hugo anatueleza kwamba zamani huyu mzee alipofika Digne alikuta hospitali ndogo yenye wagonjwa 26 wamebanana, na nyumba yake ya kiaskofu ina nafasi ya watu 60 nao wanaikaa watatu, akahama yeye, akawapa wagonjwa nyumba. Katika mshahara wake wa faranga 15,000 kwa mwaka, alijibakishia 1,000. Yaani ule mkono uliotoa vinara ulikuwa umezoea kutoa miaka mingi. Mchezo umetuonyesha tunda, mti ukaukata.

Hugo mwenyewe alijua vyema kwamba mwenye mkate ndiye mwenye kesi. Ameandika katika kumbukumbu zake kwamba siku moja ya Februari 1846, katika mtaa mmoja wa Paris, alimwona mtu akipelekwa na askari wawili kwa kuiba mkate, miguu imefungwa vitambaa vyenye damu. Mbele yake lilisimama gari la fahari la farasi, na ndani yake bibi aliyevaa mahameli anacheza na mtoto wake. Yule mtu alimtazama bibi. Bibi hakumwona. Hugo hakumlaumu kuwa ni mwovu. Aliona tu kwamba mmoja anamtazama mwenziwe, na mwenziwe hana habari kuwa anatazamwa. Akaona kuwa hatari yote imo humo.

Je, utaniuliza, tuutazame mchezo huu au tuuache? Mtu mzima akiupata, na moyo wake unaridhika na suala la muziki, atafaidika, lakini akisoma kitabu kwanza atafaidika zaidi. Watoto wadogo mno hauwafai, kwani mna mambo ya makahaba na ulevi yaliyoimbwa kwa uchangamfu. Wakubwa kidogo, wasimulie wewe mwenyewe hikaya baada ya chakula cha usiku, na usiwafiche Gavroche ni mtoto wa nani. Na kila aliyekwisha kuiona filamu, mwulize swali hili moja: nani aliyemwita askari? Utamwona anavyofikiri.

Tulipotoka nje mvua nyembamba ilikuwa inanyesha. Watu mia kwa mia walimiminika barabarani, wengine bado wanafuta macho. Katika mlango wa duka lililofungwa alilala mtu ndani ya mfuko wa kulalia, kiatu kimoja kimechungulia nje. Tulimpita. Nasema tulimpita, si kwamba walimpita. Nilikuwa naeleza kwa mikono miwili jinsi askofu alivyoimba. Tulikwisha kukaa ndani ya treni, tukapita vituo viwili, ndipo kijana wangu alipouliza taratibu, "Mjomba, ulimwona yule pale mlangoni?" Nikanyamaza. Machozi ni kama adhana, ndugu msomaji. Huita, hayasali kwa niaba yako.

Na katika kule kunyamaza ndipo liliponijia jambo nililokuwa nimelifukia miaka zaidi ya thelathini.

Wazee wangu walikuwa na duka la rejareja mjini kwetu, nami nikiwa kijana niliwasaidia hesabu. Alikuwapo mvulana wa dukani, wa kubeba magunia na kufagia. Mwaka mmoja biashara ilikwenda vibaya, tukamwambia asubiri mshahara wake. Akasubiri mwezi wa kwanza, akasubiri wa pili. Mwezi wa tatu ukaingia, siku moja akakutwa na kilo mbili za sukari, unga na chupa ya mafuta ndani ya kikapu chake. Mimi ndiye niliyemkuta. Mimi ndiye niliyekwenda kumwita askari, na kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, mimi ndiye niliyeandika maelezo. Kila neno nililoandika lilikuwa kweli. Sukari ilikuwa yetu, unga wetu, mafuta yetu. Mama yake alikuja barazani kwetu jioni ile, akakaa chini, akaomba. Nikamwambia kwamba jambo limekwisha kufika kwa wenyewe, halimo tena mikononi mwetu. Naye akajifunika buibui lake akaenda zake. Kijana akafungwa. Alipotoka akahama mji, na habari zake zikakatika.

Katika maelezo yale niliyoyaandika kwa mwandiko mzuri, hapakuwa na neno hata moja juu ya mshahara wa miezi miwili. Hapana aliyeniuliza, nami sikusema. Nimeishi miaka yote hii nikijihesabu mtu aliyeibiwa.

Niliporudi nyumbani niliuliza watu wa mtaa. Mama yule alikwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kijana wenyewe hapana ajuaye aliko. Nikampata dada yake, mwanamke mtu mzima, anauza vitumbua asubuhi. Nikapiga hesabu ya mshahara wa miezi miwili, nikaupandisha kwa bei za siku hizi, na juu yake nikazidisha mara mbili kama alivyolipishwa Hatib. Nikamwekea mbele yake, nikamweleza ni fedha za nini. Alizihesabu pole pole, hakuruka hata noti moja. Kisha akasema, "Hizi za mshahara nimezipokea, nitamwekea mwenyewe. Ama ile kesi, hiyo utamwambia yeye mtakapoonana." Akanifungia vitumbua vinne katika karatasi, akakataa nimlipe.

Sikuyaandika haya ili unisifu, kwani deni lililocheleweshwa miaka thelathini halina sifa, na la pili bado liko palepale. Nimeyaandika kwa kuwa nakujua, ndugu msomaji, kama ninavyojijua. Nyumbani mwako mna msichana anayefua na kupika, au dukani mwako mna kijana, au shambani mna mzee anayekuangulia nazi. Pengine mwezi huu umemwambia asubiri. Pengine siku moja utafungua kikapu chake ukute kilo ya sukari, na hasira zako zitakuwa za haki, na simu itakuwa mkononi. Kabla hujaipiga, fanya alivyofanya yule mzee wa Digne kabla ya kifungua kinywa chake: jiulize kwanza hiki nilichoibiwa ni changu chote, au imo haki yake ndani yake niliyoichelewesha? Swali hilo lina dakika zake. Mlango ukishabishwa, zimepita.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kuulizana nafsi zao kabla ya kuulizwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.